Kidole Kisichogusa Ardhi

Nawasalimu walioko jikoni, walioko ndani ya matatu ya Turbo inayosubiri kujaa, na wewe unayekama huku redio umeitundika kwenye msumari wa zizi. Leo nataka tuzungumze juu ya kidole cha mbwa. Usicheke bado. Kidole hiki kilinifanya nijione mjinga nyumbani kwangu mwenyewe, na ujinga wa namna hiyo afadhali tuugawane.

Nianze na damu. Ilikuwa asubuhi ya Novemba, mahindi yamekwisha kukatwa na kusimamishwa mafungumafungu shambani. Nafungua mlango wa nyuma, hapa kwangu Kimumu, Eldoret, nakuta saruji ya baraza ina matone mekundu, moja baada ya jingine, kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye gunia analolalia Simba. Simba ni mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa amejikunja, analamba mguu wa mbele wa kulia.

Nilidhani amekanyaga bua. Mabua yakikatwa kwa panga huacha ncha kali, na kila msimu wa mavuno mbwa wa mtaa huu huchechemea. Nikaugeuza wayo, nikautazama katikati ya vidole: mzima. Damu ilitoka juu zaidi, upande wa ndani wa mguu, chini kidogo ya kifundo, kwenye kile kidole kilichojitenga na wenzake. Ukucha wake ulikuwa umeng'oka nusu, umepinda kuelekea nje kama mlango uliotoka bawaba. Baadaye nilizunguka ua, nikakuta manyoya ya rangi ya majani makavu yamenasa kwenye seng'enge inayotutenganisha na jirani. Eldoret ni jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, lakini nyua zetu nyingi bado ni za shamba.

Sasa kidole chenyewe. Mshike mbwa wako mguu wa mbele uhesabu. Vidole vinne viko chini, vimebeba mwili. Cha tano kimepanda juu, upande wa ndani, mahali ambapo kwenye mkono wako pana kidole gumba. Nami nitakiita hivyo hivyo, gumba, kwa kuwa ndicho hasa. Mfugaji wa ng'ombe asishangae. Kila asubuhi unamwona ng'ombe wako na vile vikwato viwili vidogo vilivyokaa nyuma, juu ya kwato zenyewe, havigusi sakafu akisimama. Hujawahi kumwita mtu aje avikate.

Lakini kwa mbwa ni hadithi nyingine. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa na madaktari watatu uani, na hakuna hata mmoja aliyesomea. Wa kwanza alisema nimwagie mafuta ya taa. Wa pili akasema mafuta ya taa yanachoma bure, nipake oili chafu ya gari, ndiyo inayofukuza nzi. Wa tatu, jirani ninayemheshimu sana, alikuja na panga mkononi. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akaniambia, "hicho kitu hakina kazi. Kikate, na cha upande wa pili ukikate, yaishe."

Nilipoteremka mjini kutafuta dawa, kijana wa duka moja la dawa za mifugo, ambaye simtaji wala silitaji duka lake, aliniambia maneno yale yale, ila yeye aliyasema kwa kujiamini zaidi kwa sababu alikuwa amevaa koti jeupe. Nakiri mbele yako, msikilizaji, kwamba nilikuwa nimekwisha kushawishika. Watu wawili wasiojuana wakisema jambo moja, mtu huona kama ushahidi.

Kilichonizuia ni simu. Nilimpigia daktari wa mifugo anayetuhudumia ng'ombe, akasema yuko upande wa Ziwa kwa ng'ombe ambaye kondo la nyuma limekwama, atapitia akirudi. Akaniachia maagizo mawili: nifunge kitambaa safi juu ya jeraha, na nisikate kitu. Hapa Uasin Gishu daktari wa wanyama ni daktari wa ng'ombe kwanza. Mbwa hupewa nafasi iliyobaki katikati ya safari mbili. Alifika alasiri, gambuti zimejaa tope, akanawa mikono kwenye ndoo, akaomba leso. Kabla ya kugusa mguu, alimfunga Simba mdomo kwa ile leso, duara moja juu ya pua, kisha nyuma ya masikio. "Anakupenda, mwalimu," akasema, "lakini maumivu hayachagui wa kumng'ata."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliuacha mguu wenye jeraha, akachukua ule mzima, wa kushoto, akanishika kidole changu gumba akakiweka juu ya gumba la Simba. "Bonyeza polepole. Unasikia nini?"

Nikasikia mfupa. Nikasikia na kiungo kinachokunjika, kama cha kwangu. Nilikuwa nimekaa na mbwa huyu miaka sita, getini nimeandika MBWA KALI kwa rangi nyekundu, na sikuwa nimewahi kujua kwamba ana mkono.

Daktari akanieleza huku akifanya kazi. Gumba la mbele, kwa mbwa karibu wote, limeunganishwa na mguu kwa mifupa, na kano zinazolivuta zinapanda hadi kwenye misuli iliyo juu ya kifundo. Mbwa akitembea kwa madaha halifanyi kitu, ndiyo maana tunaliona kama pambo. Lakini akikimbia kwa kasi, kifundo hukunjika, mguu hushuka, na gumba hugusa ardhi. Akikata kona ghafla kumfuata panya, gumba ndilo linalochimba udongo na kuuzuia mguu usisokotwe. Akitoka mtoni kwenye ukingo unaoteleza, hulitumia kujivuta juu. Kuna madaktari wa mbwa wa michezo, hasa Marekani, wanaoamini kwamba mbwa aliyekatwa gumba la mbele huchosha kifundo chake mapema, na uzeeni hupata yabisi ya kiungo.

Basi hakukata kidole. Alimdunga Simba sindano ya kumlaza, akautoa ule ukucha uliovunjika, akasafisha, akafunga bendeji. Nilimuuliza kama mbwa atabaki bila ukucha. Akacheka. "Ukucha utarudi, mwalimu. Kidole ndicho hakirudi."

Sasa, msikilizaji, huenda yakakukuta usiku na daktari yuko mbali. Niyaseme taratibu ili yakukae.

Kwanza, mfunge mdomo mbwa hata kama ni wa kwako tangu akiwa mtoto, mradi anapumua vizuri na hatapiki. Akikung'ata, osha jeraha lako kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize habari za chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kwa kawaida hakuna kurudi. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mkakati wa kufuta vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na mkakati huo unategemea wewe na mimi kuwachanja mbwa wetu kila mwaka.

Pili, bana jeraha kwa kitambaa safi, dakika tano hadi kumi, bila kuchungulia kila mara. Ndani ya ukucha mna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana kidonda kidogo hutoa damu nyingi na mbwa hulia kama amevunjwa mguu. Ikiwa ukucha umekatika kwenye ncha tu na damu haikomi, chukua unga mkavu kidogo wa ngano ukandamize kwenye ncha ile. Damu ikipita robo saa inatiririka, mtafute daktari.

Tatu, osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Funga kitambaa, lakini kisibane. Vidole vya chini vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno. Akitoka nje kwenye umande mfunike mguu kwa mfuko wa plastiki, na akirudi ndani umvue, kwa sababu kidonda kinachofukiwa kwenye unyevu huoza. Usimwache alambe. Ulimi wa mbwa si dawa, waliotufundisha hivyo walikosea.

Na yale ya kutofanya. Mafuta ya taa na oili chafu huunguza nyama, na mbwa akizilamba zinamdhuru tumboni. Vidonge vyako vya maumivu viache kabatini. Brufen inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na Panadol ikizidi huua ini lake. Daktari ana dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Hayo ni ya jeraha. Linabaki swali la jirani yangu mwenye panga: tukate au tusikate?

Jirani hakuwa mjinga kabisa, na hapa ndipo pazuri. Wiki ileile alinionyesha watoto wa mbwa wake, mchanganyiko wa German Shepherd. Mmoja alikuwa na gumba kwenye miguu ya nyuma pia. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikabonyeza polepole. Hakukuwa na mfupa ulioungana na mguu. Kilikuwa kijidole kinachoning'inia kwa ngozi tu, kinayumba kama hereni. Cha namna hiyo hakimsaidii mbwa kukata kona, na ni rahisi kunasa kwenye zulia, kwenye wigo, hata kwenye jino lake mwenyewe akijikuna. Daktari alisema hicho kinaweza kuondolewa, na akataja wakati. Wafugaji wa mbwa wa mbegu huviondoa watoto wakiwa na umri wa siku tatu hadi tano. Ukipita muda huo, subiri mbwa akue, na siku anapolazwa kwa operesheni ya kufunga uzazi, kidole kiondolewe katika usingizi huo huo. Maumivu mara moja, gharama mara moja.

Lakini hata gumba la nyuma usilihukumu kwa jina. Wafaransa wana mbwa wao wa kuchunga kondoo, Beauceron na Briard, ambao kwa desturi lazima wawe na magumba mawilimawili kila mguu wa nyuma, na asiye nayo hashindi kwenye maonyesho. Norway kuna mbwa anayeitwa Lundehund, ana vidole sita au zaidi kila mguu. Walimfuga visiwani ili apande majabali na kuingia kwenye mashimo ya ndege wa baharini. Kwake yeye kidole cha ziada ni ukucha wa kushikia mwamba.

Kwa hiyo jibu liko kwenye vidole vyako wewe mwenye mbwa. Bonyeza. Kikiwa na mfupa na kiungo, kiache, na kikiumia kitibiwe kama kidole kingine chochote. Kikiwa ni ngozi tupu na kimekwisha kunasa mara mbili tatu, zungumza na daktari. Na kuna hali ambazo hata gumba lenye mfupa halina budi kutoka: mfupa uliosagika usioweza kuunganika, usaha uliokwisha kula mfupa, au uvimbe wa saratani, ambao kwa mbwa hupenda kuota pale ukucha unapoanzia. Hapo daktari anakata ili kuokoa mguu, na hakuna wa kumlaumu.

Anayekata awe daktari. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na kuna Bodi ya Madaktari wa Mifugo inayowasajili. Sheria nyingine, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Panga bila dawa ya usingizi uani kwa jirani, hata kwa nia njema, sidhani kama ingejitetea vizuri mbele ya hakimu.

Najua kuna msikilizaji mmoja ambaye hajaridhika. Yuko Laikipia, anachunga, na anajua anachokijua. Ananiambia: mwalimu, mbwa mwitu wetu, yule mwenye madoa na masikio ya duara, ana vidole vinne tu mbele. Gumba hana. Na anakimbia kuwashinda mbwa wako wote. Ni kweli kabisa, na ni pingamizi zuri. Wataalamu waliochunguza mguu wa mnyama huyu, wakachapisha matokeo mwaka 2020, walikuta chini ya ngozi kuna kifupa kidogo, masalio ya gumba lililopotea, na kifundo kimefungwa kwa kano imara zinazofaa mbio ndefu. Yaani mwili wake wote ulijengwa upya kuzunguka pengo hilo, kizazi baada ya kizazi. Ukimkata Simba wangu, utampa pengo bila kumpa hizo kano.

Na kwa kuwa tumetaja mbio ndefu, niruhusu niseme kama mtu wa Eldoret. Toka alfajiri yoyote barabara ya Iten, utawaona wanariadha wetu wakipita makundi kwa makundi, pumzi ikitoka kama moshi. Sasa muombe mmoja avue viatu. Utaona kucha nyeusi, kucha zilizong'oka, kucha zinazoota upya chini ya zile zinazokufa. Tarehe 27 Septemba 2015, kule Berlin, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni huku soli za ndani za viatu zikiwa zimechomoka na kupepea nje kama masikio ya mbuzi. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, miguu ina malengelenge na damu. Miaka minne baadaye miguu hiyo hiyo ilimaliza kilomita 42 Vienna chini ya saa mbili. Je, kuna kocha katika eneo hili zima aliyewahi kumwambia mwanariadha: ukucha unakusumbua, kikate kidole? Hapa kwetu tunajua mguu ni nini. Tunajua ukucha uking'oka unatunzwa, mtu anapumzika, anarudi barabarani. Tulichoshindwa ni kumpa mbwa heshima ile ile tunayoipa miguu yetu.

Maana kosa, nikilitafuta lilikoanzia, nalikuta kwangu. Simba hakuumia kwa sababu ana gumba. Aliumia kwa sababu ukucha wa gumba lake ulikuwa mrefu. Kucha nne za chini zinasagwa kila siku na lami na kokoto. Ule wa juu hausagwi na kitu. Unakua, unajikunja kama ndoana, na ndoana hunasa. Kwa mbwa wengine hujikunja mpaka ukaingia kwenye nyama yake mwenyewe, na mwenye mbwa hajui kwa sababu manyoya yamefunika. Nilikuwa namlisha ugali na mifupa, namchanja, namwogesha dawa ya kupe pamoja na ndama, na kazi ya dakika mbili sikuijua.

Kwa hiyo nilinunua koleo ndogo ya kukatia kucha za mbwa. Kila baada ya wiki tatu au nne, Jumamosi jioni, nakaa kwenye ngazi, Simba ananilalia mapajani akijifanya amekufa. Kucha zake ni nyeusi, huwezi kuona nyama hai ilipo, kwa hiyo nakata vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na baada ya kila kipande natazama pale palipokatwa. Katikati pakitokea kidoa kidogo chenye unyevu, naweka koleo chini. Mara ya kwanza nilipitiliza kidogo, akapiga kelele, jirani akachungulia juu ya ua. Sikuwa na la kusema, nilienda kuchukua unga.

Ukucha ulirudi, kama daktari alivyosema. Ulichukua miezi, ukaota mfupi na mnene, umepinda kidogo kuliko wa upande wa pili. Na jioni moja, baada ya kula, nilimtupia Simba mfupa wa goti la ng'ombe. Kabla ya ile asubuhi ya damu ningerudi ndani. Nilikaa kutazama. Alilala kifudifudi, akauweka mfupa katikati ya miguu ya mbele, na ulipoteleza aliuvuta kwa magumba mawili, moja huku na moja huku, akaubana kama mtu anavyobana muhindi wa kuchoma, akaugeuza, akaendelea kutafuna.

Jirani yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa seng'enge, mkono kiunoni. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mimi. Kisha akaita mbwa wake, akapiga magoti kwenye nyasi, akamshika mguu, akaanza kubonyeza.

Nawe leo jioni fanya vivyo hivyo.